Je, wajua kwa nini FTP huzisumbua ngome za mtandao?

Ukifungua tovuti, kompyuta yako huunganishwa na seva, swali likaenda na jibu likarudi humohumo. FTP, itifaki ya kuhamisha faili, hudai njia mbili: ya amri, kwenye mlango namba 21 wa seva, na ya faili zenyewe.

Katika mtindo wake wa asili, kompyuta yako huitajia seva mahali pa kuleta faili, kwa amri ya PORT yenye namba sita. Tuseme 192,168,1,5,195,80. Nne za mwanzo ni anwani; kisha zidisha 195 kwa 256, jumlisha 80, utapata mlango 50000. Hapo seva ndiyo inayoanzisha muunganisho mpya kuja kwako. Lakini ngome, yaani ule ulinzi unaochuja kinachoingia na kutoka, kwa kawaida humkataa mgeni wa nje asiyeitwa. Na anwani inayoanza na 192.168 ni ya ndani tu, seva ya mbali haiwezi kuifikia. Basi nywila inakubaliwa vizuri, ila orodha ya faili haiji ng'o! Fundi asiyelijua hili hulaumu nyaya bure.

Abhay Bhushan alipoiandika FTP mwaka 1971 akiwa mwanafunzi wa MIT, ngome hizi hazikuwapo, kwa hiyo tusimlaumu. Mwaka 1994 Steven Bellovin wa AT&T Bell Labs alihimiza itumike amri ya PASV: seva itaje mlango, kompyuta yako iufuate. Mzigo ukahamia upande wa seva, ambako msimamizi hutenga safu ya milango, mathalani 50000 hadi 50100, na kuifungulia ngome.

Proksi nayo husaidia. Hukaa katikati, ikasoma amri zinazopita, ikafungua kwa muda mlango uliotajwa na kusahihisha anwani ikibidi. Ni ufundi wa kusifiwa, ila unategemea kusoma: mazungumzo yakisimbwa, proksi haioni kitu. Yasiposimbwa, nywila hupita wazi mbele ya yeyote anayechungulia mtandao, na hilo kwangu ni baya zaidi.

Chrome na Firefox ziliiondoa FTP mwaka 2021. Kama ofisi yenu bado inapokea faili za wateja kwa njia hiyo, hamieni SFTP: hutumia mlango mmoja tu, namba 22, na kila kinachopita kimesimbwa.