Kikomo cha Mkopo Hakipandi kwa Ukimya

Ikiwa wewe ni mkopaji wa mikopo ya simu, basi wajua jinsi kikomo cha mkopo kinavyochezacheza. Leo waambiwa waweza kukopa shilingi 50,000; mwezi ujao, hali hukuomba, waambiwa 150,000; kisha siku ya kulipa kodi ya nyumba wakuta kimeshushwa. Mshahara ni ule ule.

Je, mkopeshaji ana ruhusa ya kukisogeza kikomo hicho apendavyo? Huko Afrika Kusini, ambako kadi za benki na kadi za mkopo za maduka ya nguo zimezoeleka sana, swali hili limejibiwa na Sheria ya Taifa ya Mikopo, namba 34 ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Juni 2007. Majibu yake yafaa kujulikana hata na sisi tulio mbali nayo.

Chini ya sheria hiyo, ukimya si ridhaa. Mkopeshaji haruhusiwi kukuandikia kwamba kikomo chako kitapanda isipokuwa ukikataa. Barua ya namna hiyo ni mtego, maana ni nani, katika nyumba yenye watoto na shughuli, ajibuye kila barua? Ukikubali kuongezewa, hana budi kwanza kuyapima upya mapato na madeni yako. Asipopima, mahakama yaweza kuuhesabu mkopo huo kuwa umetolewa kizembe, na kukuondolea wajibu wa kuulipa, wote au sehemu yake.

Upo mlango mdogo. Iwapo wewe mwenyewe uliomba, wakati wa kuchukua mkopo au baadaye kwa maandishi, kwamba kikomo kiwe kikipanda chenyewe, mkopeshaji aweza kukipandisha mara moja tu kwa mwaka, tena kwa kipimo. Tuseme kwa miezi 12 umenunua vitu vya randi 24,000, yaani wastani wa 2,000 kwa mwezi, na umelipa 18,000, yaani wastani wa 1,500. Kinachotazamwa ni kiasi kidogo kati ya hivyo viwili: nyongeza haiwezi kupita randi 1,500.

Katika kushusha ndipo, kwa maoni yangu, mwenye familia alipokumbukwa hasa. Mkopaji aweza wakati wowote kumwandikia mkopeshaji akitaka kikomo kipunguzwe, na kutaja kiwango cha juu atakachokubali. Mume na mke wanaojua jinsi Desemba inavyowaponza waweza kukaa chini mwezi Oktoba, wakakubaliana tarakimu, wakaipeleka kwa maandishi. Hawalazimiki kuomba radhi.

Mkopeshaji naye anayo haki ya kushusha, na uamuzi wake huanza kazi pale taarifa ya maandishi inapokufikia. Hili ni kali, wala tusilifiche. Aliyepanga kununua sare za shule kwa kadi aweza kukwama dukani. Hata hivyo ipo kinga. Ikiwa unadaiwa randi 9,000 na kikomo kimeshushwa hadi 6,000, zile 3,000 zilizozidi hazihesabiwi kuwa umekopa kupita kiasi wakati wa kukokotoa malipo ya chini ya mwezi. Deni lenyewe lakini libaki 9,000, na riba yake huendelea kama kawaida.