Kontena la mtumba kwa ajili ya fremu: hesabu, kutu na maji ya Jangwani

Kariakoo fremu haipatikani kirahisi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na mpangaji anayetoka naye anataka kilemba kabla hajaachia funguo. Ndiyo maana mtu mwenye milioni kadhaa mkononi, asiye na kiwanja wala uwezo wa kujenga, mara nyingi huishia kuwaza kontena. Ananunua moja lililotumika, fundi analikata mlango na dirisha, linapigwa rangi, linawekwa pembeni ya barabara, halafu linapangishwa kwa wakala wa miamala ya simu, saluni, duka la vipuri vya bodaboda au mama lishe.

Kwa haraka haraka biashara inaonekana nyepesi. Jengo limeshatengenezwa kiwandani, halina msingi, halina habari ya kufyatua tofali, na likifukuzwa hapa linahamia pale. Maneno hayo yana ukweli, ila nusu. Kinachonunuliwa ni boksi tu. Mahali pa kuliweka ni habari nyingine kabisa, na kwa anayetazama Jangwani, habari hiyo ni kubwa kuliko boksi lenyewe.

Wamarekani wanaijua shida hii vizuri. Kwao kuna nyumba nzima nzima zinazotengenezwa kiwandani na kuvutwa kwa lori hadi kiwanjani, na tangu Juni 1976 zina kanuni za serikali kuu kuhusu ubora wake. Watu wengi hununua za mtumba kwa sababu ni rahisi, kisha wanaziweka kwenye ardhi ya kupanga. Mwenye ardhi akipandisha kodi, mwenye nyumba anabanwa: nyumba ni yake, lakini kuihamisha ni gharama kubwa. Anayeweka kontena kwenye uwanja wa mtu Dar es Salaam yuko kwenye mtego uleule, tofauti ni ukubwa wa lori.

Kabla ya kulipa

Kontena dogo, lile la futi 20, lina urefu wa mita 6 na kidogo, upana wa mita 2.44 na kimo cha mita 2.59. Likiwa tupu lina uzito wa tani 2.2 au 2.3 hivi. La futi 40 ni refu mara mbili na linakaribia tani 4. Kwa fremu, la futi 20 ndilo linalouzika haraka, maana linaenea kwenye uwanja mdogo na halihitaji lori refu.

Mengi yanayouzwa yameshafanya kazi baharini miaka 10 hadi 15. Chuma chake kinastahimili kutu kuliko bati la kawaida, lakini ni chembamba kuliko watu wanavyodhani: ukuta una milimita 1.6 hivi na paa milimita 2. Rangi mpya ya bluu inayong'aa isimdanganye mtu. Kuna wauzaji wanaopaka rangi juu ya kutu, na mnunuzi anagundua masika ya kwanza.

Kipimo kizuri kuliko vyote hakina gharama. Mnunuzi aingie ndani mchana jua likiwa utosini, milango ifungwe, asubiri macho yazoee giza. Kila tundu litaonekana kama nyota. Akitoka apande juu ya paa, maana huko ndiko muuzaji asikopenda watu wapande. Paa lililobonyea linatuama maji, na maji yanayotuama yanatoboa. Baada ya hapo ainame aangalie chini. Sakafu ya mbao imelala juu ya vyuma vinavyopita kutoka upande hadi upande. Vile vikiliwa na kutu, kontena linakuwa sanduku lisilo na matako, na kuvibadilisha ni kazi ya kulinyanyua zima.

Milango nayo ifunguliwe na kufungwa mara kadhaa. Ikigoma, huenda si bawaba, huenda fremu nzima imepinda kwa sababu kontena liliwahi kuangushwa au kugongwa. Hapo ni kuondoka.

Halafu karatasi. Kila kontena la usafirishaji lina namba yake: herufi nne, ya mwisho kwa kawaida ikiwa U, kisha tarakimu sita, kisha moja ya uhakiki iliyowekwa ndani ya kiboksi. Mlangoni kuna kibao cha chuma kinachoonyesha mwaka lilipotengenezwa na uzito linaobeba. Namba ya kwenye kontena ifanane na ya kwenye risiti. Makontena huingia nchini kwa muda, yakiwa yamebeba mzigo wa watu, na yanategemewa kutoka tena. Linalobaki ili litumike humu ndani linatakiwa liwe limeuzwa kihalali na mwenye nalo na kulipiwa ushuru. Anayenunua kwa dalali bila nyaraka hizo ananunua kesi.

Kukata bila kuliua

Uzito wa kontena unabebwa na nguzo nne za kona. Lile bati lenye mikunjo halipo kwa urembo, ndilo linalozuia boksi lisiyumbe. Fundi akifungua ubavu mzima ili duka liwe wazi mbele, halafu asichomelee fremu ya chuma kuzunguka tundu, paa litaanza kulegea. Hiyo ni kazi ya kukataa hata kama fundi ni shemeji.

Kontena halilazwi chini kwenye udongo. Linakaa juu ya vitalu vinne vya zege, kimoja kila kona, vilivyopimwa usawa. Hewa ipite chini. Na kwa kuwa ni boksi la chuma, umeme uingizwe na fundi mwenye leseni, waya wa ethi ufungwe kwenye mwili wa kontena na kuzikwa ardhini. Waya mmoja uliochunika ukigusa ukuta, kila anayeegemea kaunta yuko hatarini.

Joto ndilo linalofukuza wapangaji. Dar es Salaam mwezi wa pili, boksi la chuma lililofungwa ni oveni. Dawa ya kweli ni paa la pili: mabati yaliyoinuliwa juu ya lile la kontena, yakaachwa nafasi ya hewa kupita, na yakatokeza mbele kama kibaraza. Linakinga jua na mvua kwa pamoja. Rangi nyeupe inasaidia, matundu ya hewa ya juu na chini yanasaidia. Feni peke yake inazungusha moto tu.

Usiku inakuwa kinyume. Chuma kinapoa, unyevu wa ndani unageuka matone darini, na bidhaa za boksi za karatasi zinalowana bila mvua kunyesha. Dari ya mbao au jipsam yenye kitu cha kuzuia joto nyuma yake inapunguza jasho hilo.

Jambo moja husahaulika sana. Mbao za sakafu, unene wa milimita 28 hivi, huwekwa dawa ya wadudu kiwandani, na kibao cha mlangoni mara nyingi hutaja ni dawa gani. Kwenye duka la vipuri si neno. Lakini mama lishe akipika humo, au mlinzi akilala humo, sakafu hiyo ifunikwe vizuri au ing'olewe.

Hesabu ambayo dalali haifanyi

Chukua mfano wa namba nyepesi, si bei ya soko. Tuseme kontena, lori, winchi na fundi vimekula milioni 9. Kodi ni 150,000 kwa mwezi. Dalali atasema: 1,800,000 kwa mwaka, miaka mitano pesa imerudi.

Sasa ondoa 50,000 kila mwezi za mwenye uwanja. Kisha kubali kwamba miezi miwili kwa mwaka fremu itakuwa tupu, huku uwanja ukiendelea kulipiwa. Tenga na 200,000 kwa mwaka za rangi na matengenezo. Kinachobaki ni 700,000 kwa mwaka, na milioni 9 inarudi baada ya karibu miaka 13. Kontena ni lilelile. Na uwanja ukigeuka mara moja tu katikati, lori na winchi vinaweza kumeza mapato ya mwaka mzima.

Kwa hiyo mkataba wa uwanja ndio uwekezaji wenyewe. Uwe wa maandishi, utaje muda, utaje siku za notisi, na utaje kwamba kontena ni mali ya aliyelileta na ana haki ya kuliondoa. Maneno ya mdomo na mwenye nyumba mzee mwenye roho nzuri yanakufa naye. Warithi wakija, swali la kwanza ni "hili boksi la nani?"

Sehemu ya Jangwani

Kuanzia Fire kushuka kwenda Magomeni Mapipa, Barabara ya Morogoro inakatiza bonde la Mto Msimbazi. Wapenzi wa mpira wanaijua Jangwani kwa Yanga, na wanakumbuka uwanja wa Kaunda pale makao makuu ulivyokuwa ukigeuka bwawa. Desemba 2011 mvua kubwa ziliua zaidi ya watu 40 jijini, na familia nyingi za mabondeni zikapelekwa Mabwepande. Karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa bondeni nayo imeshafurika si mara moja, na barabara yenyewe imefungwa mara nyingi tu.

Hapo fizikia ya boksi inakuwa na maana. Sakafu ya kontena la futi 20 ina eneo la karibu mita za mraba 15. Kama milango imefungwa na mipira yake haivuji, maji yakipanda sentimita 16 hivi juu ya usawa wa sakafu yanatosha kulinyanyua likiwa tupu. Likiwa na mzigo wa tani 3 ndani, sentimita 36 zinatosha. Yaani maji yasiyofika goti la mtu mzima. Kontena lililokatwa dirisha na mlango halielei kirahisi, kwa sababu maji yanaingia, lakini hapo mali ya mpangaji ndiyo imelowa.

Anayeweka kontena karibu na bonde ainue vitalu vya kona juu ya alama ya mafuriko ambayo majirani wanaikumbuka, na afunge kona za chini kwa minyororo kwenye zege lililozikwa. Zile kona zina matundu ya kufungia melini na kwenye lori. Yatumike. Maji yakishaondoka, kazi ya kwanza ni kuosha tope lililoganda chini ya sakafu kwa maji safi, kabla ya kuhangaika na rangi ya mbele inayoonekana na wateja.

Lakini kuna sehemu ambazo vitalu na minyororo havisaidii. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Hifadhi ya barabara nayo haina mtu wa kuipangisha, hata kama kuna jamaa anakusanya hela kila mwisho wa mwezi. Oktoba 2021, machinga walipoondolewa barabarani Dar es Salaam, wengi waliokuwa wakilipa "mwenye eneo" waliona thamani ya malipo hayo.

Kuna pia mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 ulioidhinishwa mwaka 2022, ambao ndani yake kuna daraja jipya la Jangwani. Watu wa bondeni walifanyiwa tathmini na kulipwa fidia ili wapishe. Wengine wakisikia hivyo wanakimbilia kuweka kontena wakingoja tathmini ijayo. Hesabu hiyo ni mbovu. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaposema maendelezo, inazungumzia kitu kilichoshikamana na ardhi moja kwa moja. Boksi lililokaa juu ya vitalu vinne halijashikamana na chochote. Kanuni za fidia za 2001 zina posho ya usafiri, inayokokotolewa kwa mzigo wa tani 12 ndani ya kilomita 20. Kontena tupu la futi 20 halifiki hata robo ya uzito huo.

Upande wa juu wa kata, kwenye mitaa inayopanda kuelekea Kariakoo, mambo ni tofauti. Huko shida ni nafasi. Uwanja wa ndani wa nyumba ya zamani unaweza kupokea kontena kama stoo ya bidhaa za sokoni, mradi lori na winchi vipite kwenye kichochoro. Watu wamewahi kununua kwanza na kupima baadaye, kontena likabaki limeziba mtaa mpaka usiku. Mita 2.44 za upana ni pamoja na nyaya za umeme zinazoning'inia juu na kibaraza cha jirani. Kibali cha halmashauri kiombwe kabla, na ofisi ya serikali ya mtaa ijue.

Matengenezo ya kila mwaka hayana maajabu. Kabla ya masika, paa lifagiliwe majani na mchanga, kila doa la kutu likwanguliwe kwa grenda au msasa mpaka chuma cheupe, lipakwe rangi ya kuzuia kutu ndipo ifuate rangi ya kawaida. Bawaba zipakwe grisi. Sehemu zilizochomelewa ziangaliwe kwanza, maana joto la kuchomelea huondoa kinga ya chuma na kutu huanzia hapo. Baada ya vuli, marudio.

Likichoka kabisa, kontena huuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na tani mbili si haba. Lililotunzwa linauzwa zima, kwa mtu mwingine anayetafuta fremu, naye akija ataomba kuingia ndani mchana na kufunga milango.