Karamu ya Kijana Mfupi wa Texas

Davey O'Brien alikuwa na urefu wa sentimita 170 hivi na uzito usiofika kilo 70. Katika futiboli ya Kimarekani, ambako mijitu ya kilo mia na ushee huvaana kifua kwa kifua, umbo lile lingemfaa mbeba maji. Lakini mwaka 1938 aliiongoza timu ya Chuo Kikuu cha Texas Christian (TCU), mjini Fort Worth, kushinda mechi zote 11, akatwaa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo vikuu.

Alicheza nafasi ya kwotabeki. Huyo ndiye anayepokea mpira shambulizi linapoanza, na ndani ya sekunde mbili tatu aamue: aurushe, ampe mwenzake au akimbie nao, huku mabeki wa upande wa pili wakimjia mbio kumwangusha. Baadaye O'Brien aliichezea Philadelphia Eagles, timu iliyokuwa dhaifu mno. Misimu yake miwili ilileta ushindi wa mechi mbili tu. Akaachana na mpira, akawa mpelelezi wa FBI kwa miaka 10.

Alifariki kwa saratani Novemba 1977, na mwaka huohuo ikaanzishwa tuzo yenye jina lake. Mwanzoni haikuwa ya makwotabeki. Mike Singletary, aliyeichukua mara mbili, alikuwa mlinzi. Tangu 1981 hupewa kwotabeki bora wa vyuo vikuu vya Marekani. Jim McMahon alikuwa wa kwanza, na baadaye Peyton Manning akaichukua mwaka 1997. Mshindi hukabidhiwa tuzo kwenye karamu ya usiku mjini Fort Worth.

Kwa wenyeji, karamu tamu kuliko zote bila shaka ni ya Februari 2023. Mshindi alikuwa Max Duggan, wa kwanza kutoka TCU yenyewe. Mwaka 2020, vipimo vya corona vilifichua kwamba moyo wake una kasoro aliyozaliwa nayo. Akafanyiwa upasuaji wa saa nyingi, kisha akarudishwa kupasuliwa tena kwa sababu ya bonge la damu. Wiki chache baadaye alikuwa uwanjani. Msimu wa 2022 aliuanza benchi, akaingia baada ya mwenzake kuumia, akaifikisha TCU fainali ya taifa. Walichapwa na Georgia 65 kwa 7, kipigo cha aibu kweli, ila Fort Worth haikuona sababu ya kumnyima makofi.

Waswahili tunaojua harambee tutaielewa karamu hii upesi: nyota huvuta watu, watu huleta fedha. Wakfu wa O'Brien hufadhili masomo ya wanafunzi wa sekondari wa kaskazini mwa Texas, wanamichezo wanaofanya vizuri pia darasani na katika uongozi.

Hapo ndipo ninapoona uzito wa shughuli yenyewe. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa kutumia majina na sura zao, kwa hiyo mgeni wa heshima anaweza kuketi mezani akiwa tayari tajiri. Kombe humwongezea sifa tu. Mwanafunzi wa sekondari huondoka na karo ya chuo, na kwangu mimi huyo ndiye mshindi mkubwa wa usiku ule, hata kama magazeti ya kesho yake hayatampa picha.