PETE ZISIZO NA KIOO
Jinsi ya kupiga picha ya mdudu mdogo, na faida yake kwa mkulima



Kila mkulima aijua taabu hii. Mti unaumwa, machipukizi yamekauka, maua yamekuwa meusi. Unampelekea Bwana Shamba habari, naye yuko mbali na ana vijiji vingi. Unamwambia, "Kuna mdudu mdogo, mwekundu kidogo, ana miguu mirefu." Afanye nini na maneno hayo? Wadudu wenye miguu mirefu ni wengi. Lau ungempelekea picha yake nzuri, pengine angekujibu siku ile ile. Lakini kamera ya kawaida humwonyesha mdudu kama tone la wino juu ya jani.

Makala haya yaeleza kitu kidogo, kisicho ghali, kinachoondoa upungufu huo, yaani pete za kurefushia lenzi ya kamera. Na ili maneno yetu yasiwe ya hewani, tutachukua mfano wa jirani zetu wa bara, wakulima wa korosho wa Masasi na Newala.

HASARA YA KUTOMJUA ADUI

Masasi imekaa chini ya majabali yake makubwa, na Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, ambapo mtu hutazama bonde la Ruvuma. Pande hizo korosho ni kama karafuu kwetu: ndiyo ada ya shule, ndiyo mabati, ndiyo harusi. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zaidi ya tani 140,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, kama vile bei ndogo, na watu kuhamishiwa vijiji vipya mbali na mikorosho yao. Lakini sababu moja kubwa ilikuwa ugonjwa wa ubwiriunga, uliotambuliwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1970. Watafiti wa Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, waliushughulikia kwa miaka mingi, na unga wa salfa ukawa dawa iliyoenea mashambani.

Sasa tazameni. Mkorosho huo huo una adui mwingine, mbu wa mikorosho, ambaye wataalamu humwita Helopeltis. Huyu si mbu wa homa. Hufyonza machipukizi na mashada ya maua, akaacha madoa meusi, na tawi changa hukauka kama lililopitiwa na moto. Kwa mtu anayetazama kwa mbali, shada lililokaushwa na ubwiriunga na lile lililokaushwa na mbu huyu hufanana. Lakini salfa haimwondoi mbu, wala dawa ya mbu haitibu ubwiriunga. Mwenye kukosea hununua dawa mara mbili, na msimu humpita.

Tena kuna kosa la tatu, nalo latuhusu sisi wa visiwani pia, la kuwaua majimoto. Chungu hawa wanaoshona majani kuwa viota huuma, na mchumaji karafuu hana haja ya kuambiwa hivyo. Walakini katika mkorosho majimoto humwinda mbu wa mikorosho na kumfukuza. Hapa kwetu Unguja, mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtaalamu M. J. Way alichunguza namna majimoto wanavyoilinda minazi dhidi ya mdudu anayepukutisha nazi changa. Mdudu huyo akapewa jina la kitaalamu Pseudotheraptus wayi, kwa heshima ya mtaalamu huyo. Basi mwenye kunyunyiza dawa ovyo humwua mlinzi pamoja na mwizi.

PETE HIZI NI NINI?

Ni vipande vya bomba vilivyo wazi ndani, havina kioo chochote. Huwekwa kati ya kamera na lenzi yake. Kazi yao ni moja tu, kuisogeza lenzi mbali na filamu, au, katika kamera za leo, mbali na kile kibati kinachopokea nuru. Lenzi ikisogea mbele, kamera huweza kukaribia kitu zaidi na bado picha ikawa safi.

Waliowahi kuona sinema ya ukutani wanajua jambo hili. Mashine ikiwekwa mbali na ukuta, picha huwa kubwa, na papo hapo huwa hafifu. Pete zafanya vivyo hivyo ndani ya kamera: picha hukua, na nuru hupungua.

Hesabu yake ni nyepesi. Gawanya urefu wa pete kwa nambari ya milimita iliyoandikwa juu ya lenzi. Lenzi ya milimita 50 ikiwekewa pete ya milimita 25 hutoa picha nusu ya ukubwa wa kitu chenyewe: mdudu wa milimita 8 ataandikwa milimita 4 juu ya filamu. Ukiweka pete za milimita 50, ataandikwa kwa ukubwa wake kamili. Lenzi nyingi huongeza kidogo juu ya hapo kwa nguvu yao wenyewe. Mara nyingi pete huuzwa tatu pamoja, kwa mfano za milimita 12, 20 na 36, nawe wachagua moja au waziunga.

Unaponunua, angalia mambo mawili. Kwanza, pete ziwe za aina ya kamera yako, kwani hazibadilishani. Pili, kwa kamera za kisasa chukua zile zenye vijibati vya umeme. Zisizo navyo ni rahisi zaidi, lakini kamera haitaweza kuliamrisha tundu la lenzi lifunguke au lizibe. Mwenye lenzi ya zamani, ambayo tundu lake huzungushwa kwa mkono, hana shida hiyo. Pete hizi haziingii katika simu. Mwenye simu hutumia kilenzi cha kubana, ambacho ni kioo cha kukuzia.

NAMNA YA KUTUMIA

1. Nenda mapema asubuhi. Upepo ni mdogo, na wadudu wana ubaridi, hawana haraka.

2. Usianze na pete zote. Kwa lenzi ya milimita 50, picha ya nusu ukubwa huipiga ukiwa kama sentimita 15 kutoka lenzi hadi kwa mdudu. Kwa ukubwa kamili wabaki na kama sentimita 10, na kivuli chako chaweza kumfukuza.

3. Ziba tundu la lenzi hadi nambari 11 hivi. Hata hapo, katika picha ya ukubwa kamili, unene unaoonekana wazi ni kama milimita moja tu. Katika picha ya nusu ukubwa ni kama milimita nne. Kwa hiyo mpige mdudu kwa ubavuni, mwili wake wote uwe umbali mmoja na lenzi.

4. Usihangaike kuzungusha lenzi. Iache ilivyo, kisha sogeza kamera yote mbele na nyuma, polepole, mpaka jicho la mdudu lionekane kali.

5. Kumbuka nuru. Katika picha ya ukubwa kamili hubaki robo tu ya nuru ya kawaida. Tumia taa ya kamera, nayo uifunike kwa karatasi nyeupe ili isichome macho ya picha. Kama huna taa, tumia stendi ya miguu mitatu, na mwenzio alishike tawi lisitikisike.

6. Piga picha tatu: ya mti mzima, ya tawi, na ya mdudu. Weka rula kando ya tawi. Andika shamba, tarehe, na dawa uliyokwisha kutia.

UTAFUTE NINI?

Katika mkorosho, ubwiriunga huonekana kama unga mweupe wa kijivu wenye nyuzi nyuzi juu ya maua na majani machanga. Mbu wa mikorosho aliyekomaa ana alama isiyofichika: mgongoni amesimamisha kijiti chembamba chenye kifundo juu, mfano wa pini. Hata akiwa amekwisha kuruka, mayai yake humtaja. Huyadunga ndani ya tawi changa, na nje hubaki nywele mbili nyeupe, moja ndefu kuliko mwenzake. Jicho tupu huzipita. Picha ya pete huzionyesha.

Katika mkarafuu, fuateni njia ya majimoto. Huchunga wadudu magamba, hasa yule aitwaye Saissetia zanzibarensis, kwa ajili ya maji yao matamu. Hapo mkulima ataona kwamba chungu yule yule ni mlinzi katika mnazi na mchungaji katika mkarafuu ulio jirani yake. Kabla hujamhukumu kufa, tazama kwanza anafanya kazi gani na katika mti gani.

Si lazima kila mtu awe na kamera. Wenzetu wa Masasi na Newala huuza korosho zao kupitia vyama vya msingi, nasi pia tuna chama chetu. Kamera moja na seti moja ya pete, mikononi mwa kijana mmoja mwenye subira, zaweza kuhudumia mashamba mengi. Na picha moja iliyo wazi, ikifika kwa Bwana Shamba kabla ya dawa kununuliwa, yaweza kuokoa gharama ya msimu mzima.