Kwa Nini Mtoto Mwenye Homa Kali Hapewi Dripu ya Haraka

Mzazi anayemfikisha hospitalini mtoto mwenye homa kali na mikono ya baridi hutarajia awekewe dripu papo hapo. Asipowekewa, hudhani amepuuzwa.

Kwa miaka mingi waganga nao waliamini kwamba mzunguko wa damu ukidhoofika, maji mengi yaingizwe upesi mshipani. Imani hiyo ilipimwa kuanzia mwaka 2009 katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwamo Teule ya Muheza. Watoto 3,141 wenye hali hiyo waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipewa maji ya chumvi au albumini kwa haraka. Wengine walipewa ya polepole tu. Ndani ya saa 48 walifariki takriban 11 katika kila 100 waliopewa ya haraka, na 7 katika kila 100 wa kundi la pili. Utafiti ulisimamishwa Januari 2011. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kuwa vifo vilivyozidi vilitokana hasa na kuporomoka kwa mzunguko wenyewe wa damu, wala si maji kujaa mapafuni kama ilivyodhaniwa.

Matokeo hayo hayamhusu mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuhara, ambaye hakuhusishwa katika utafiti. Kwake maji ndiyo tiba. Mwenye upungufu mkubwa wa damu huongezewa damu. Mzazi mwenye shaka ana haki ya kumuuliza muuguzi mtoto anapewa nini, na kwa kasi gani.