Hita ya tangi la samaki: Mambo ya kukagua kabla ya kuvuka mpaka

MERIKIT, Tororo – Mfugaji anayetotolesha mayai ya kambale katika eneo hili anaweza kupoteza kundi zima kwa usiku mmoja, maji yakipoa au hita ikikataa kuzima. Ndiyo maana wanunuzi huuliza maswali mengi kabla ya kulipa, na mwuzaji hana budi kuwa na majibu.

Mayai ya kambale huanguliwa kwa takribani siku moja katika nyuzi 28 za Selsiasi. Katika nyuzi 20 huchukua zaidi ya siku mbili, na ukungu hupata nafasi ya kuyaharibu.

Jambo la kwanza ni nguvu. Kupasha lita 100 za maji kwa nyuzi 5 kunahitaji karibu yuniti 0.6 ya umeme. Hita ya wati 100 itafanya kazi hiyo kwa saa sita hivi, bila kuhesabu joto linalopotea. Kwa hiyo wati moja kwa lita ni kipimo kizuri. Hita mbili za wati 50 ni bora kuliko moja ya wati 100: moja ikifa, nyingine huendelea, moja ikishindwa kuzima, haina nguvu ya kuchemsha tangi upesi.

Pili ni volti. Kenya na Uganda hutumia volti 240. Hita ya volti 110 iliyokusudiwa soko la Marekani itaungua.

Tatu ni thamostati. Ile ya ndani ya hita inaweza kugandamana na kuacha umeme ukipita. Kinga yake ni kidhibiti joto cha nje, chenye kihisio ndani ya maji. Kidhibiti kikiwekwa nyuzi 28, hita iwekwe 29 ili iwe akiba.

Msafirishaji naye akumbuke kwamba hita nyingi ni za kioo. Kila moja ifungwe peke yake, na ijaribiwe ndani ya ndoo ya maji kabla ya malipo.

Kuhusu ushuru, hati rahisi ya uasili, kwa shehena isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ni ya bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hita ya China haihusiki, hata ikiwa imenunuliwa Nairobi. Ni vyema kumwuliza wakala wa forodha katika kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa mwaka 2018, kabla ya kupakia, na kutunza risiti.