Rekodi za CRB: Jinsi benki zinavyozitumia kumpima mkopaji

WAKENYA wengi huamini kwamba jina la mtu huingia katika rekodi za CRB pale tu anaposhindwa kulipa deni. Imani hiyo huwafanya wafanyabiashara wadogo kuyaogopa mashirika hayo, ilhali rekodi nzuri yaweza kuwa dhamana ya pekee waliyo nayo wanapotafuta mtaji.

CRB ni mashirika yanayopewa leseni na Benki Kuu ya Kenya kukusanya na kuhifadhi taarifa za wakopaji, wawe watu binafsi au kampuni. Miongoni mwayo ni TransUnion, Metropol na Creditinfo.

Yalianzishwa ili kuwazima wadeni sugu waliokuwa wakikopa katika benki moja, wakakosa kulipa, kisha wakahamia nyingine isiyojua lolote kuwahusu. Kanuni za kwanza zilianza kutekelezwa Februari 2009, na shirika la kwanza likapewa leseni mwaka 2010.

Mwanzoni, benki zilitakiwa kuwasilisha taarifa za mikopo iliyokwama pekee. Kanuni za mwaka 2013 zilibadilisha hali hiyo, na taarifa za wanaolipa vizuri zikaanza kuwekwa pia.

Hivyo basi, mwuza nguo wa Gikomba anapoomba mkopo, afisa wa benki huingiza nambari yake ya kitambulisho katika kompyuta na kupata ripoti. Humo huonekana mikopo anayoendelea kulipa, aliyomaliza na aliyochelewesha.

Ripoti hiyo huandamana na alama. Kwa Metropol, kwa mfano, alama huanzia 200 hadi 900; kadiri zinavyopanda ndivyo mkopaji anavyoaminika zaidi.

Ikiwa mwombaji ni kampuni ndogo, wakopeshaji huchunguza pia rekodi za wakurugenzi wake, kwani fedha za mwenye duka na za duka lenyewe mara nyingi hazitenganiki.

Hata hivyo, CRB haina mamlaka ya kutoa wala kunyima mkopo. Uamuzi ni wa mkopeshaji, na hapo ndipo penye utata.

Kwa miaka mingi, baadhi ya wakopeshaji wamezitumia rekodi hizo kama chujio la kuwaondoa wenye doa lolote, bila kujali ukubwa wa deni. Benki Kuu nayo imekuwa ikizihimiza benki kuzitumia alama kupanga riba kulingana na hatari ya kila mkopaji, ili anayelipa vizuri atozwe riba nafuu.

Kanuni mpya za Aprili 2020 zilipiga marufuku kuwasilishwa kwa taarifa mbaya za madeni yasiyofika Sh1,000. Aidha, kufuatia malalamishi ya umma, wakopeshaji wa simu waliokuwa hawasimamiwi kisheria walizuiwa kutumia mfumo huo.

Mkopaji naye ana haki zake. Anaruhusiwa kupata ripoti yake bila malipo mara moja kwa mwaka, na akigundua kosa, kama vile deni alilokwisha kulipa kuonekana bado halijalipwa, anaweza kulipinga ili lichunguzwe na kurekebishwa.

Ni busara kuiomba ripoti hiyo mapema. Anayesubiri hadi siku ya kuomba mkopo huenda akapoteza zabuni au shehena ya bidhaa huku akifuatilia kosa ambalo si lake.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Katika hifadhi hii, dawa hiyo huponya, ila kovu halifutiki papo hapo: taarifa ya mkopo uliokwama yaweza kubakia hadi miaka mitano baada ya deni kulipwa. Lakini rekodi itaonyesha pia kwamba lililipwa, na kila mkopo unaolipwa kwa wakati baadaye huandikwa kando yake.